Jina la Baba wa Fundi Yosefu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipoandika maneno mawili kwa mwandiko mzuri kabisa, na maneno hayo yakamharibia mtu nusu karne ya maisha yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa karani wa parokia hapa Babati, nina meza yangu, kalamu yangu ya wino, na majivuno ambayo hayakuenea ndani ya ile ofisi ndogo. Watu waliniletea bahasha niwaandikie anwani, si kwa sababu hawakujua kuandika, bali wapate mwandiko wangu. Nikisema hivi wajukuu zangu hucheka, kwa sababu siku hizi mkono unatetemeka na jina langu mwenyewe linaonekana kama limeandikwa na kuku. Cheka na wewe, halafu unisikilize, maana nasikia umepata kazi ya kuandikisha watu.

Kitabu cha zamani cha ubatizo kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa. Paroko akaleta kipya chenye jalada gumu, akaniagiza ninakili kila mstari, na nikimaliza kile cha zamani kichomwe. Kazi ile ilinichukua miezi mitatu. Kila siku alikuja Mzee Bura, katekista wetu, kukagua nilichoandika. Alisoma polepole, akifuatisha mistari kwa kidole, nami nilimwona kama mzee anayenipotezea muda.

Siku hiyo nikafika kwenye mstari wa mtoto aitwaye Yosefu. Mama yake Magdalena, wa Sigino. Baba yake Alfred Pennock, Mwingereza, seremala wa madaraja. Na chini ya jina hilo mtu huyo alikuwa ameweka sahihi kwa mkono wake, jambo ambalo sikuliona kwenye mstari mwingine wowote wa kitabu kile.

Nikaduwaa. Yosefu nilimfahamu vizuri, tulicheza mpira timu moja. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kuliko zetu na mjini watu walikuwa na maneno yao. Lakini nyumba aliyokulia ilikuwa ya mzee mmoja wa Sigino aliyemwoa Magdalena baadaye, mzee ambaye sisi sote tulimwita Baba Paskali. Nikajiambia, kwa nini nimwaibishe mama wa watu? Kwa nini nimvunjie heshima mzee aliyemlea mtoto? Basi kwenye nafasi ya baba nikaandika: Baba Paskali.

Wewe unajua mila yetu. Mtu akishapata mtoto, jina lake linapumzika, anaitwa kwa jina la mtoto mpaka azeeke. Kumtaja mzee wa watu kwa jina lake kavu ni utovu wa adabu. Nami niliichukua adabu hiyo ya mdomoni nikaiingiza kitabuni, nikajiona kijana mwenye malezi kuliko wote Babati.

Mzee Bura alipofika kwenye mstari ule, kidole kikasimama.

"Huyu Baba Paskali ni nani?"

"Yule mzee wa Sigino. Si unamjua?"

"Mimi namjua. Kitabu kinamjua?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kuna Baba Paskali wa Nangara. Kuna Baba Paskali wa Bonga, mwenye ng'ombe. Kuna mpiga kengele wetu hapo nje. Na kaka yangu mwenyewe ni Baba Paskali. Huyu mtoto ni wa yupi?"

Akavuta kitabu cha zamani, akaweka kidole juu ya sahihi.

"Siku mtu huyu anaandika hapa mimi nilikuwa nimeshika mshumaa wa mtoto. Padri alimwambia si lazima. Akasema anataka. Akaandika. Sasa wewe ni nani hata umfute?"

Nikamwambia nitarekebisha. Sikurekebisha. Na sababu yake, mwanangu, naona aibu kukwambia hata leo: ukurasa ule ulikuwa umependeza. Haukuwa na doa hata moja, na kukata mstari katikati yake kuliniuma kama kuchana shati jipya. Mzee Bura alinikumbusha mara mbili, kisha akanyamaza. Siku ya kuchoma kitabu cha zamani akaomba akichome yeye. Nikampa, nikashukuru kwamba mambo yamekwisha.

Mwaka uliofuata Yosefu akaja ofisini kuchukua cheti cha ubatizo, kwa sababu alikuwa anataka kuoa. Alikuwa na furaha ambayo haikuwa ya harusi peke yake.

"Karani, kabla hujaandika, nisomee jina la baba. Mama ananiambia tangu niko mdogo kwamba baba aliniandikisha mwenyewe, kwa mkono wake. Nataka nisikie."

Nikafungua kitabu changu kizuri. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena ya kutosha. Nikasoma, "Baba Paskali."

"Hakuna jina lingine?"

"Hakuna."

Akachukua cheti, akasema asante, akatoka. Tangu siku ile Yosefu aliamini kwamba baba yake alimkataa na mama yake akatunga hadithi ya kumfariji. Hakumtukana, alikuwa na adabu zake, lakini aliacha kukaa naye jikoni kupiga soga kama zamani. Magdalena alikufa miaka kadhaa baadaye, akisisitiza mpaka siku zake za mwisho kwamba aliiona kalamu ikiandika. Nilikwenda mazishini. Nilishika koleo na kufukia kaburi la mwanamke niliyemfanya mwongo mbele ya mwanawe, kisha nikanawa mikono na kula pilau kama wengine.

Nilikaa na jambo hilo mpaka nikastaafu. Ukikaa sana na uoga unauzoea, ukidhani ni busara.

Ikafika mwaka jana. Paroko wa sasa, kijana mchangamfu, akanipigia simu. "Mzee, shikamoo. Kuna mgeni hapa ofisini, anatafuta mtu aliyekufa zamani. Wanasema wewe ndiye unayevijua vitabu vyetu." Nikaenda. Nikamkuta mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe kuliko zangu, jina lake Helen, ametandaza karatasi ndefu juu ya ile ile meza yangu ya zamani. Ilikuwa imeandikwa ukoo wake kutoka juu hadi chini.

Paroko akatafsiri. Wazee wake walikuwa mafundi wa magurudumu ya mikokoteni, mwana akirithi kazi ya baba, vizazi vitano. Aliwapata mmoja mmoja kwa kusoma vitabu vya ubatizo, vitabu vya sensa, wosia na mawe ya makaburi, kazi iliyomchukua miaka mingi. Akaniwekea kidole mahali pamoja. Wakati fulani kijijini kwao waliishi watu wawili walioitwa John Pennock, wa umri mmoja, kanisa moja. Lakini karani wa kanisa lile, kila alipobatizwa mtoto, aliandika na kazi ya baba. Mmoja alikuwa mshonaji, mwingine fundi wa magurudumu. Bila hivyo Helen angemfuata mshonaji akaishia kwenye ukoo wa watu wengine.

"Namshukuru sana yule karani," akasema. "Jina lake silijui, lakini namshukuru."

Mwanangu, kiti kilinichoma.

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na Alfred, mdogo wa baba yake Helen. Barua yake ya mwisho kwenda kwao ilisema anajenga madaraja karibu na ziwa lenye viboko, na kwamba ana habari ya furaha atakayowaeleza akifika. Hakufika. Helen alikuwa na hati ya kifo chake: alikufa kwa homa huko Kondoa, akiwa safarini. Mstari wake kwenye karatasi ulikomea hapo, na chini yake palikuwa peupe.

Nikasema, "Naomba mnisubiri mpaka kesho." Nikapanda bodaboda, kwa umri huu, nikaenda Nangara.

Yosefu alikuwa kwenye karakana yake anapiga randa ubao wa mlango. Huyo naye alikuwa seremala, hakuna aliyemlazimisha. Nikakaa juu ya gogo nikamweleza yote, tangu kitabu cha zamani mpaka siku aliyosimama mbele yangu. Hakuacha kupiga randa. Vumbi na maranda vilianguka miguuni pake mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mama alisema kweli?"

"Alisema kweli."

"Na wewe ulijua. Nimesimama pale, ulijua."

"Nilijua, fundi. Nisamehe."

Akaweka randa mezani. Macho yalikuwa mekundu. "Ulinisomea uongo kutoka kwenye kitabu. Leo unaniletea ukweli kwa mdomo mtupu. Nitakuaminije? Nionyeshe hiyo sahihi."

Alikuwa na haki. Lakini kitabu kilichomwa, au ndivyo nilivyodhani. Njiani kurudi ndipo nikajiuliza: je, mimi niliuona moshi? Sikuuona. Asubuhi yake nikaenda Bonga kwa binti wa marehemu Mzee Bura, anayeitwa Mama Sesilia. Nilimkuta uani anapepeta mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ni yule aliyekuwa karani wa parokia zamani, nilifanya kazi na baba yako."

Akaweka ungo chini, akanitazama toka juu mpaka chini. "Yule karani wa mwandiko? Umechelewa sana."

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Ndani, katikati ya majani makavu ya tumbaku yaliyowekwa kuzuia wadudu, kilikuwamo kitabu. "Baba alituambia karani atakuja kukifuata, asipewe mtu mwingine. Tukamuuliza, asipokuja? Akasema atakuja tu, ana malezi yule, ila anapenda mno mwandiko wake."

Nililia pale pale uani, mzee mzima. Mama Sesilia akaniletea kiti na maji ya kunywa, akaendelea kupepeta mahindi yake ili nisione aibu.

Mchana huo tulikutana karakanani: Yosefu, Helen, Paroko na mimi. Paroko akafungua kitabu taratibu, akatafuta ukurasa. Sahihi ilikuwepo, herufi ya P ina mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. Helen akatoa barua ya mwisho ya Alfred, akaiweka kando yake. Mkia ni ule ule. Tarehe ya ubatizo ilikuwa miezi miwili tu kabla ya tarehe ya kifo. Hakumkimbia mtoto wake. Alikufa.

Yosefu akaweka kidole juu ya sahihi, akaufuatisha ule mkia mpaka mwisho. Ndipo Helen akaona randa juu ya meza, ile randa nzee ya mti ambayo Yosefu aliachiwa na mama yake. Akaomba kuishika, akaigeuza, akapiga ukelele. Kwenye ncha yake palikuwa na herufi zilizogongwa ndani ya mti: S.P., chini yake J.P., na chini yake A.P.

"Hizo ni za kiwandani," Yosefu akasema. "Ziko hapo siku zote."

Helen akatikisa kichwa, akatandaza karatasi yake juu ya maranda. Samuel Pennock. Mwanawe John, yule fundi wa magurudumu. Mwana wa John, Alfred. Kila mmoja alipoirithi randa alikuwa amegonga herufi zake chini ya zile za baba yake. Yosefu alikuwa ameishika hati ya ukoo wake mkononi kila siku ya kazi.

"Mama hakudanganya!" Alisema kwanza kwa sauti ndogo. Kisha akatoka nje, akasimama barabarani, mzee wa karibu miaka themanini, akapaza sauti Nangara nzima imsikie. "Mama yangu hakudanganya! Magdalena hakudanganya!" Majirani wakatoka, kinamama wakapiga vigelegele kabla hata hawajajua habari yenyewe. Paroko akamweleza Helen kwamba kwetu mtoto wa baba mdogo si ndugu wa mbali, ni kaka. Helen akamshika Yosefu mkono akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa dakika ile, "Kaka." Siku ile mimi pia nilipiga kelele, na sikujali nani ananiona.

Ile sehemu tupu ya karatasi ya Helen haikutosha. Yosefu ana watoto sita na wajukuu ambao yeye mwenyewe huwachanganya. Ilibidi igundishwe karatasi nyingine chini. Jumapili tukaenda wote Sigino. Yosefu alikuwa ametengeneza msalaba mpya kwa randa ile ile, na hakuandika Mama Yosefu. Aliandika jina la mama yake kamili. Akapiga magoti akasema, "Mama, nimesoma."

Paroko alinipa kalamu nirekebishe kitabu changu. Nikakata yale maneno mawili, nikaandika pembeni jina la Alfred Pennock na kazi yake. Nikamwandika na Baba Paskali kama mlezi, kwa jina lake la ubatizo, Gabrieli, maana naye alistahili jina. Mkono ulitetemeka, wino ukadondoka. Ndio mstari mbaya kuliko yote kwenye kitabu kile, na ndio pekee ninaojivunia.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wazee waheshimu kwa mdomo, waite Baba fulani na Mama fulani, waamkie kwa magoti ukiweza. Lakini ukishika kalamu, mwandike mtu kwa jina lake, na la baba yake, na kazi yake, hata kama kazi yenyewe ni kuuza mkaa. Usimfiche mtu kwa kisingizio cha kumsitiri. Muulize mwenyewe kama anataka kusitiriwa. Na ukikosea, kata mstari siku hiyo hiyo, ukurasa uchafuke. Mimi nilipata bahati ya Mzee Bura na sanduku lake. Wewe usiitegemee.

Mungu akujalie macho ya kuona kosa lako mapema na ujasiri wa kulisema mbele ya uliyemkosea. Akupe uzao mwingi mpaka karatasi isitoshe. Na siku mtu asiyekujua atakapofungua kitabu ulichokiandika, akampata humo baba yake, akushukuru hata kama jina lako halijui. Amina.