Siku Niliyoosha Mawe kwa Sabuni

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huku mtaani kwetu Section 58, Nakuru, bado kuna watu wakiniona wanashindwa kuzuia kicheko.

Ilikuwa 2007, nimemaliza jiolojia chuoni, na kampuni moja ya kutafuta makaa ya mawe ilitaka mtu mmoja tu wa kazi. Nikapewa, kama waombaji wengine, sanduku la mawe, yale marefu ya duara ambayo drili hutoa ardhini yakiwa kama vipande vya miwa, niyasome, kisha nieleze ukumbini mbele ya watu vile bahari ya zamani ilikuwa ikiingia na kutoka mahali makaa yalilala. Nikalileta nyumbani, na vumbi la Nakuru mnalijua (halina heshima), kwa hivyo asubuhi ya siku yenyewe nikaona haifai kupelekea wageni kitu kichafu, Mama hakunilea hivyo. Nikachukua karai, sabuni ya unga na brashi, nikayasugua mpaka yakang'aa, na ile mishale ya kalamu ya kuonyesha upande wa juu ikaenda na maji. Nikayaanika, nikayarudisha kwa mpangilio uleule, ila nilianzia mwisho.

Baba alikuja ukumbini na suti ya harusi na nusu ya kwaya ya kanisa. Nikaeleza bila wasiwasi: chini kuna magamba ya konokono wa baharini, juu yake tope la mahali mto unapokutana na bahari, juu yake makaa, yaani bahari ilirudi nyuma na kinamasi kikamea. Baba akapiga makofi. Mkuu wa wanajiolojia wa kampuni, Mzee Harjit, Singasinga mzaliwa wa hapahapa Nakuru, akavaa miwani akainamia sanduku.

"Msichana, hapa juu ya makaa kuna mizizi. Mbona inaelekea juu?"

Hapo ningesema sijui, niende nyumbani na heshima yangu. Lakini wapi! Nikamwambia hiyo ni mikoko, mikoko hutoa mizizi ya kupumulia. Baba akapiga makofi tena, safari hii peke yake.

"Wakati wa haya makaa, mikoko ilikuwa haijazaliwa," Mzee Harjit akasema polepole, akalizungusha sanduku, mwisho ukawa mwanzo. "Sasa soma."

Nikasoma: mizizi chini, kisha makaa, kisha tope, kisha magamba. Bahari haikurudi nyuma hata kidogo, iliingia ikafunika msitu wote. Ukumbi ukacheka, kwaya ikiongoza, na mimi nikatamani ile bahari irudi inichukue. Mzee akauliza ni nani aliyeyaosha, nikasema ni mimi. Kazi akapewa kijana wa Lanet aliyeleta mawe yake na vumbi lake lote.

Tulipofika kwa geti la nyumbani, Baba akanigeukia.

"Lakini ulieleza vizuri," akasema.

Nikalia hapohapo. Tangu siku hiyo jiwe silioshi mpaka nipige mishale kwa rangi isiyotoka, na swali nisilolijua nasema silijui, hata kama Baba amekaa pale mbele, mikono tayari.