Chai Si Chakula

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maabara katika hospitali moja hapa Meru, nyuma ya mama wa Kibirichia aliyevaa sare ya kina mama wa kanisa. Picha ya tumbo ilikuwa imeonyesha mafuta kwenye ini lake, na sasa damu yake ingechunguzwa chembe kwa chembe ili wataalamu wajue chanzo.

"Umekula kitu tangu jana jioni?" akauliza dada wa maabara.

"Sijakula, daktari. Nimekunywa tu chai kwangu, na kikombe kingine kwa jirani nikipita."

Dada akaweka sindano chini. "Ya maziwa na sukari?"

"Kwani kuna chai ingine?"

"Basi leo damu itatupa habari za chai, si za ini. Rudi kesho."

Mama akainamia kaunta, akanong'ona hadi foleni nzima ikasikia: "Na itasema mimi sinywangi pombe? Tangu wasikie ni ini, kanisani wameanza kuninusa."

"Pombe huacha alama zake, mama. Kama hunywi, tutaona. Na tukijua chanzo, tutajua la kufanya. Ini likiwahiwa husamehe."

Mama akacheka, mabega yakashuka. "Afadhali hilo ini kuliko wale wa kanisani." Akatundika kiondo begani. "Kesho nitapitia kwa shamba ya viazi, jirani asinione."

Nilimwelewa. Huku kwetu, kukataa chai ya jirani ni matusi. Kumdhania jirani ulevi, hiyo si kitu.