Mzungu Asiyeaminika

Miaka ile kanda za Marekani zilipoanza kumiminika Sumbawanga, kwenye kibanda cha video cha Theodory tulimjua mwigizaji mmoja kwa sura tu. Leo padri, kesho mwizi wa magari. Sauti aliibadilisha, lakini kila alipotaka kumsaliti mtu alijishika sikio taratibu.

Siku moja aliigiza baba mlezi. Akajishika sikio, nasi tukamzomea. Lakini akaingia kwenye nyumba inayoungua, akamtoa mtoto, akafa.

Watu walitoka. Mama Bertilla, muuza togwa, akabaki kwenye benchi.

"Theodory, rudisha kanda. Umekata pale alipomuuza mtoto."

"Mama, imeishia hapo."

"Haiwezekani," alisema, huku akifuta machozi kwa khanga. "Huyu mimi namjua."