Nazlin Avuka Mto Pangani

Nazlin Jafferji si mtu wa safari. Maisha yake ni duka la vitambaa la Ngamiani, mjini Tanga, analoliendesha na kaka yake Imtiaz, pamoja na nyumba iliyo juu ya duka hilo. Umri wake umeshapita arobaini. Robota la kanga likifunguliwa tu anajua ipi itagombaniwa na ipi italala, na kwenye harusi wanawake humwita awachagulie rangi. Ila maji hataki. Alipokuwa mtoto, baba yake mdogo, Taizoon, alizama Raskazone akiogelea. Wakamleta nyumbani amefunikwa shuka, mchanga umejaa masikioni. Tangu siku hiyo Nazlin hajaingiza baharini hata unyayo.

Kwa hiyo rafiki zake wawili walipomwambia waende Pangani mwisho wa wiki, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna kuvuka.

"Kuvuka kupo," alisema Praxeda, mwalimu wa sanaa kutoka Muheza, ambaye ndiye aliyepanga safari. "Bi Sabra anakaa Bweni, ng'ambo ya mto. Mikeka kama yake hutaiona popote."

"Na pantoni inabeba malori, shoga, itashindwa na wewe?" akaongeza Zeyana. Huyu walisoma pamoja tangu darasa la kwanza, na ndiye peke yake aliyeweza kumtania Nazlin habari ya maji bila kununiwa.

Gari waliliacha Pangani, wakapanda pantoni kwa miguu na abiria wengine. Nazlin alishika chuma kwa mikono miwili, macho ameyafumba, mpaka aliposikia mlango wa pantoni ukikwaruza upande wa pili.

Kwa Bi Sabra alitulia. Mama huyo aliitikia shikamoo zao bila kuacha kusuka, akawasogezea mkeka wakae. Uani kulikuwa na sufuria za rangi zinachemka, na mafungu ya ukili yametundikwa kukauka: zambarau, kijani, manjano makali ambayo Nazlin hakuwahi kuyaona kwenye kitambaa chochote. Praxeda alijaribu kusuka, Bi Sabra akamfumua, akajaribu tena. Mchana wakaletewa wali wa nazi, kachumbari na kamba wa kukaanga. Walikula wakicheka.

Zeyana ndiye aliyeanza kujikuna shingo.

"Labda pilipili," alisema. Kisha akakohoa. Nazlin alipomtazama, aliona midomo ya mwenzake imevimba, na macho yanaanza kuzibwa na kope.

"Zeyana, una nini?"

"Koo." Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Linabana."

"Kamba si unakula siku zote?"

Zeyana alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amewala tangu utotoni. Bi Sabra akaacha ukili wake, akamwangalia mara moja tu. "Huyu apelekwe hospitali, wanangu. Sasa hivi."

Hospitali ilikuwa Pangani. Wakamshika huku na huku, wakateremka naye hadi mtoni. Pantoni ilikuwa upande wa pili, lori limezimika mlangoni na watu wanalisukuma bila mafanikio. Praxeda akapunga mikono na kuita. Hakuna aliyemsikia. Kifua cha Zeyana kilikuwa kinapiga mluzi kila akivuta pumzi.

Mzee mmoja aliyekuwa akikausha mtumbwi wake alisogea. Jina lake Mwinyijuma. "Nitamvusha," alisema, "lakini mtumbwi mdogo. Yeye na mtu mmoja wa kumshika."

Praxeda akainua gauni aingie. Zeyana hakumwachia Nazlin mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye kifundo cha mkono wa mwenzake, na walipojaribu kuvibandua alianza kutapatapa, pumzi ikazidi kukatika.

"Ingia wewe, mama," Mwinyijuma akamwambia Nazlin. "Kaa chini kabisa. Usisimame hata iweje."

Aliingia. Hakukumbuka baadaye aliingiaje. Mtumbwi uliyumba, maji ya rangi ya chai yakawa sawasawa na kiwiko chake, na maji yalikuwa yanakupwa, yanawavuta kuelekea baharini. Mwinyijuma aliuelekeza mtumbwi upande wa juu wa mto ili wasipelekwe. Wimbi likaruka likamlowesha Nazlin mapajani. Alitaka kupiga kelele. Akauma ncha ya mtandio wake, akamweka Zeyana wima kifuani pake, akaanza kumhesabia pumzi sikioni: vuta, toa, vuta. Katikati ya mto mluzi ulinyamaza. Alifikiri amekufa. Akamtikisa kwa nguvu mpaka mtumbwi ukachota maji.

"Mama, tulia, utatuzamisha," alisema Mwinyijuma bila kupandisha sauti. Zeyana akavuta pumzi moja, nyembamba kama uzi, kisha nyingine.

Bodaboda iliwabeba wote wawili hadi hospitali. Muuguzi alimchoma Zeyana sindano ya paja, wakamwekea hewa. Nazlin alikaa sakafuni barazani, gauni linachuruzika, meno yanagongana kwenye jua kali. Praxeda alipofika na pantoni, alimkuta bado amekaa pale pale.

Magharibi Zeyana alifumbua macho. "Uliogopa?" akauliza.

"Naogopa mpaka sasa," Nazlin akajibu.

Zeyana alipona. Kamba hali tena, mwili umewakataa; ameambiwa mara nyingine huenda asiwahi hospitali. Mwezi uliopita walikaa pamoja kwenye karamu ya harusi ya Hiba, mpwa wa Nazlin. Sinia la biriani lilipowekwa, Nazlin aliwauliza wapishi mara mbili vilivyomo, kisha akakaa anatazama midomo ya rafiki yake tonge baada ya tonge. Mpaka sinia linaondolewa, yeye mwenyewe hakuwa amekula kitu.