Mkono wa Kushoto wa Bwana Makali

Wapo waliojaliwa kipaji, na wapo waliojaliwa maandalizi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa useremala tuliyembandika jina la Makali, alikuwa wa kundi la pili. Katika chumba cha uani alichokigeuza karakana, mashine yake ya randa, ya kulainishia mbao, ilisimama safi kama altare, nayo ilitumika mara chache kuliko altare yenyewe.

Alichokipenda ni kunoa. Kila asubuhi alivitoa sandukuni visu vitatu vya mashine, vilivyofunguliwa siku nyingi, akavibana kwenye kibao cha mshazari, kisha akavisugua juu ya msasa alioubandika kwenye kioo kinene, taratibu, kama mtu anayesali rozari. Akimaliza, aliyajaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wa kushoto. Mkono huo ukawa laini kama shavu la kichanga, ilhali wa kulia ulifanana na zulia kuukuu.

"Nalala na watu wawili," mkewe alilalamika. "Upande huu mzee, upande ule mtoto mchanga. Rafu yangu ya vyombo iko wapi?"

"Makali bado, mama. Kazi nzuri haitaki haraka."

"Miaka miwili ndiyo haraka? Haya, sikiliza, baba watoto. Jumamosi jua likizama sijaiona rafu, cherehani yangu inahamia humu, na hilo dude lako linakwenda kwa muuza vyuma chakavu."

Makali alimfahamu mkewe: hakuwa mtu wa kutishia nyau. Siku zilizobaki akazitumia vizuri kadiri alivyojua, yaani akanoa zaidi.

Jumamosi asubuhi alivirudisha visu mahali pake, akakaza skrubu. Kisu cha kwanza kikachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akakaza tena, kikadondoka. Cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Alipovitazama vizuri, jasho likamtoka. Msasa ulikuwa umeumega upana wa visu kidogo kidogo, hata kibano cha mashine hakikuwa na pa kushika.

Mkewe akamkuta ameketi juu ya mbao, kama aliyefiwa.

"Kuna nini?"

"Vimekwisha."

"Nini kimekwisha?"

"Visu. Nimevinoa mpaka vimekwisha."

Mama yule alicheka hadi akashikilia mwimo wa mlango. Alipojifuta machozi, alimwona mumewe amejiinamia, na huruma ikampata.

"Na ile randa ya mkono? Nayo umeila?"

"Hiyo inanyoa hata upepo."

"Ilete. Wewe shika mbao."

Marehemu baba yake mama yule alikuwa seremala, na mama mwenyewe alikulia katikati ya maranda. Jambo ambalo mumewe, kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, hakuwahi kuliuliza.

"Kaza mikono, mwalimu! Mbao haibembelezwi."

Maranda yalitoka marefu, yakijikunja kama maganda ya chungwa. Alasiri rafu ilikuwa ukutani, na vyombo juu yake.

Karakana haikufungwa. Ila siku hizi ukipiga hodi kumwulizia fundi, Makali hutoka na kinoo mkononi, akakujibu kwa adabu zote, "Fundi yumo ndani, ana kazi. Mimi ni wa kunoa tu."