Siku Baba Alipoizuia Treni Mawemoto

Enzi zetu sisi watoto wa reli, hatukuamshwa na simu. Tuliamshwa na kengele ya stesheni ya Mawemoto: kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwa waya, baba akikigonga kwa nyundo mpaka mbwa wanabweka. Baba ndiye aliyekuwa stesheni masta. Stesheni yenyewe ilijengwa kwa mawe zama za mkoloni, ikapewa dirisha moja la tiketi, tangi la maji la injini za mvuke, na chumba cha kungojea chenye benchi lililolainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Choo kilikuwa kimoja, na baba alikikagua kama jenerali. Sisi tulitega masikio kwenye reli kusikia treni ikija, mama akifoka, "Mtaokotwa vipande!"

Nikiwa darasa la tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja treni ya kumpeleka hospitali ya mjini alishikwa na uchungu mle chumbani. Mama akaja mbio na leso na maji moto. Treni ikafika, ikasimama ikinguruma. Dereva akachungulia: "Bwana Masta, bendera! Nachelewa!"

Baba akaikunja bendera ya kijani, akaitia kwapani. "Tunasubiri abiria mmoja. Bado hajafika."

Watu wakashuka, wakangoja nje ya chumba. Kilio cha kichanga kiliposikika, dereva mwenyewe ndiye aliyepiga honi. Mwanamke yule na mwanawe wakabebwa hadi behewa la gadi, wakafika hospitali salama. Wakubwa wa baba wakamwandikia barua ya onyo. Aliitia fremu, akaitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Nilimsimulia binti yangu haya wakati wa lockdown, tumejifungia nyumbani Toongabbie, huku ughaibuni. Hakuinua macho kwenye simu hadi nilipofika kwenye barua. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli treni inaweza kumsubiri mtu. Kizazi cha kugusa kadi getini na kupita!

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya Westmead, na kazini naenda kwa treni. Asubuhi zile za korona nilikuwa karibu peke yangu behewani, barakoa usoni, spika ikituhimiza tukae mbalimbali. Treni zilifika kwa dakika yake, nami nazisifu. Lakini Mawemoto, kabla hujakata tiketi, baba alikuita kwa jina, akakuuliza, "Mgonjwa wako anaendeleaje?"