Eda Ndani ya Datsun

Haji alimsikia kaka yake akitamka kwamba gari ni la Mishi. Aliombwa awe shahidi, akakubali. Kaka alipokwisha kufa, akasema hakumbuki. Dhuluma yenyewe ni hiyo, na hakuna haja ya kuipaka sukari.

Mishi alikuwa mke wa Saad, fundi wa magari wa gereji za Grogan. Walikaa Majengo, Pumwani, katika nyumba ambayo Mishi aliachiwa na bibi yake mzaa mama: ukuta wa udongo, bati juu, vyumba vya wapangaji mbele na ua mpana nyuma. Nyumba ile hata Haji na ulafi wake hakuthubutu kuigusa. Alichokitaka kilikuwa uani.

Uani palikuwa na Datsun ya viti viwili, ya aina ile iliyokuwa ikishinda mbio za Safari miaka ile. Nyekundu, boneti nyeusi ndefu, nyuma imekatika ghafla kama jogoo aliyenyofolewa mkia. Saad aliipata kwa Mhindi mmoja wa Parklands aliyeibiringisha kwenye matope, paa limebonyea, kioo hakuna. Kwa miaka miwili Saad alilala zaidi chini ya gari lile kuliko alivyolala kitandani. Viti vilishonwa upya na mafundi wa ngozi wa Kariokor, na Mishi ndiye aliyewasimamia, maana Saad hakujua kubishana na mshonaji. Waliokuja baadaye kulikodolea macho gari lile hawakuyaona hayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa, Saad alipomwoa Mishi aliahidi mahari ya bangili za dhahabu, na bangili hazikuonekana. Kila Idi alisema Idi ijayo. Mishi hakumtia presha, kwa sababu mume mwenyewe alikuwa mtu, na kwa sababu mahari ni deni, halifi. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, moshi umejaa ua mzima na kuku wa wapangaji wamekimbilia vyumbani, Saad alimwita mkewe kutoka jikoni. Haji, mdogo wake, alikuwa ameketi juu ya tairi akinywa kahawa.

"Mishi, mahari yako ndiyo haya," Saad akasema, akipiga boneti kwa mkono uliojaa grisi. "Bangili nimeshindwa. Utapokea?"

"Napokea."

"Haji, wewe ni shahidi."

"Nimesikia, kaka," Haji akajibu. "Sasa shemeji atavaa magurudumu mkononi."

Wakacheka wote watatu. Kicheko hicho Mishi anakikumbuka mpaka sauti yake.

Saad akamfundisha kuendesha. Asubuhi mapema, kabla ya lori za Jogoo Road kuamka, walikwenda mpaka Donholm na kurudi, Mishi amekunja buibui magotini apate kuikanyaga klachi. Shule hakuiona hata mlango, lakini mtihani wa leseni siku hizo ulikuwa wa mdomo na wa ubao wenye barabara ndogo na kigari cha kuchezea, na Mishi mdomo hakupungukiwa. Alipopita Shauri Moyo vijana walipiga miluzi. Wengine waliuliza nani amemwazima bibi huyu gari la mzungu. Naye hakupunguza mwendo kuwajibu.

Kisha Saad akafa. Homa, siku chache, basi.

Mtoto hawakujaliwa, na wazazi wa Saad walikuwa wametangulia, kwa hiyo fungu kubwa la mirathi lilimwendea Haji. Lakini mahari ambayo mume hakuyalipa hutolewa kwanza, kabla ya warithi kugawana hata kijiko. Haji alilijua hilo tangu chuo cha Kurani. Gari likiwa mahari ya Mishi, halimo katika urithi. Likiwa mali ya Saad, limo, na shahidi alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Akaona afadhali gari liondoke kabla ya mtu yeyote kuuliza.

Akachagua wakati aliodhani ni mzuri. Mishi alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki nyumbani. Haji alipiga hesabu yake: likishatoka lango la ua, mwanamke huyu hataweza kulifuata wala kwenda kushtaki. Atalia chumbani, na eda ikiisha gari litakuwa limeshauzwa.

Akaja alasiri moja na lori la kuvutia magari na wanaume wawili aliowaokota Mukuru kwa Reuben, mahali vibarua wa viwandani wanakokaa. Mishi alilisikia lango la bati likikwaruza. Akachungulia, akamwona Haji anawaonyesha mahali pa kufunga mnyororo. Hakupiga kelele. Alijitanda kanga yake, akachukua tasbihi, akatoka uani, akafungua mlango wa Datsun na kuketi kwenye usukani.

Haji akajaribu kumsemesha kwa upole. Akamwambia arudi ndani, hii ni kazi ya wanaume, na yeye yuko eda.

"Niko eda, ndiyo," Mishi akamjibu kupitia dirishani. "Na niko nyumbani kwangu. Haya, nani atanishika mkono anitoe?"

Hapo ndipo hesabu ya Haji ilipokosea. Alikumbuka kwamba mjane wa eda hatoki, akasahau kwamba pia hatolewi. Mwanamume asiye maharimu yake, jamaa wa karibu asiyeweza kumwoa, hana ruhusa ya kumgusa, na ndugu wa mume aliyekufa ni mtu kando kama mwuza mkaa. Akawageukia wale vibarua. Mmoja wao, Lusweti, Mbukusu mwenye mabega kama kabati, alikuwa ameshauweka mnyororo chini.

"Mimi mjane simgusi," Lusweti akasema. "Hukuniambia kuna mjane. Uliniambia kuna chuma."

"Wewe ni Mkristo, hii eda inakuhusu nini?"

"Mkristo ana mama. Nirudishe Mukuru."

Phelister, mpangaji wa chumba cha mwisho, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lori likaondoka tupu, na Haji ndani yake.

Tangu siku hiyo mpaka eda ikaisha, mchana Mishi alikaa ndani ya gari. Mkeka wa kuswalia aliutandika ubavuni mwake, tasbihi aliivutia kitini, na Phelister alimpitishia chai dirishani. Majengo nzima ikapata cha kusema. Wengine walinong'ona kwamba mwanamke kafanya eda kuwa mchezo, wakapeleka habari kwa Bibi Shamsia, mwalimu wa Kurani wa wanawake, wakitarajia atamkemea. Bibi Shamsia aliuliza jambo moja tu: gari liko ndani ya ua au nje? Wakasema ndani. Akasema basi mjane yuko nyumbani kwake, na nyinyi mliotoka kwenu kuja kumsengenya mko wapi?

Eda ilipoisha, wazee wakakutana barazani kwa Mzee Zubeiri. Mishi akaeleza, kisha Haji akaulizwa kama kaka yake alisema maneno yale mbele yake. Haji alitazama viatu vilivyovuliwa mlangoni, akasema, "Sikumbuki."

Mzee Zubeiri akamwambia aape basi kwamba hakusikia. Haji akasema hawezi kucheza na msahafu kwa ajili ya chuma. Wazee wakatazamana. Kuapa hataki, kukiri hataki. Wakasema gari likae lilipo mpaka Haji aape au akumbuke, wakavaa viatu vyao wakaenda zao. Jambo la haki kuachwa hivi, kama sufuria isiyofunikwa, ndilo wanaume wanaloliita hekima.

Gari likabaki kwa Mishi, lakini jina halikubaki. Mishi alikuwa mpishi wa pilau. Hakuna harusi ya maana Pumwani iliyopikwa bila mkono wake. Haji akapitisha neno kwamba shemeji kakalia mali ya urithi, na chakula cha mwenye kukalia haki ya mtu hakina baraka. Hakulisema kwa sauti. Alilisema kwa huruma, akitikisa kichwa. Harusi moja ikampita, ya pili ikampita, na watu aliowapikia walima, karamu zao za harusi, wakawa wanavuka barabara wakimwona.

Phelister ndiye aliyemtoa shimoni. Binti wa dada yake aliolewa Makongeni, katika nyumba za reli, na Phelister akampeleka Mishi apike. Kule hakuna aliyejua habari za urithi wa Saad, walijua pilau tu. Mishi alifungua mlango wa nyuma wa Datsun, akapakia sufuria, miko na gunia la mchele, akaenda. Akaitwa Kaloleni, akaitwa Ofafa. Watoto wakakimbia nyuma yake wakipiga kelele, rali, rali, na sufuria zikigongana ndani kama ngoma.

Haikutosha. Mtu hupika ugenini kwa tumbo, lakini jina lake analitaka kwao.

Mwaka wa themanini na tatu Haji akarudi, safari hii na maneno matamu. Kulikuwa na tajiri wa Karen anayekusanya magari ya Safari, na alikuwa amelitamani lile. Haji akamwambia Mishi auze, amkatie yeye fungu, na Ijumaa itakayofuata atasimama barazani kwa Mzee Zubeiri, mbele ya watu wale wale, aseme kwamba kumbukumbu imemrudia. Gari lilikuwa mahari, Mishi hana kosa.

Mishi hakumjibu siku ile. Nani angejibu papo hapo? Neno lile alikuwa amelingoja miaka minne. Alimpakia dada yake mkubwa, Muhiba, wakatoka mpaka Outer Ring, gari likinguruma vizuri, na Muhiba amekamata mlango kwa mikono miwili akimsihi.

"Liuze, Mishi. Upate jina lako, upate na cherehani, ustarehe. Chuma hiki utazikwa nacho?"

"Nitazikwa nacho. Watafute shimo refu."

"Usinifanyie mzaha. Harusi ya mjukuu wangu nataka upike wewe. Nitawaambia nini?"

Mishi aliendesha mpaka kule nyumba zinapoisha na mashamba kuanza, akasimamisha gari kando. Alimtazama dada yake, akataka kusema ndiyo. Ilikuwa karibu sana, mdomo ulishafunguka. Kisha akayapima maneno ya Haji upande wa pili. Mtu huyu hakuwa amesahau hata siku moja. Alikuwa amelifungia neno la Saad kabatini, na sasa analitoa kama bidhaa. Akilinunua, watu watasema amemhonga shahidi, nao watakuwa wamesema kweli. Na gari litakuwa limekwenda, na mikono ya Saad iliyoliunda imekwenda nalo.

"Mahari hayauzwi ili yathibitishwe kuwa ni mahari," akasema, akawasha injini.

Haji alilipata jibu lake Ijumaa, nje ya msikiti, watu wakitoka kuswali. Mishi aliegesha Datsun ng'ambo ya barabara, akateremsha kioo, akamwita kwa jina.

"Mwambie tajiri wako haliuzwi. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Litakaa nami mpaka nife, na likichoka kutembea nitaliketia limesimama. Unajua naweza."

Wazee wengine waliinamisha vichwa, na mmoja alijifanya kukohoa. Haji akauliza kama ameridhika kuitwa mwizi mpaka kaburini. Mishi akamwambia aliyeiba anajulikana na wawili, Haji mwenyewe na Mola ambaye ametoka kumsujudia sasa hivi, kisha akatia gia.

Harusi ya mjukuu wa Muhiba ilipikwa na mwanamke mwingine, na wali uliungua. Mishi hakufurahi. Alikula, akanawa, akaenda zake.

Leo hadai pesa kwa mtu, wala bangili. Mzee Zubeiri na wenzake wanadaiwa hukumu waliyoikimbia. Wale waliokula pilau yake wakavuka barabara wanadaiwa salamu. Na Haji anadaiwa neno moja, alitoe bure, akiwa mzima, barazani pale pale alipolimeza: nilisikia.